Mali Isiyorithika Ni Mali ya Nani?

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, sisi wenyeji wa Kilimanjaro tunaoishi mijini hufunga mizigo tukapanda mlimani. Magari hujaa, barabara huwa nyembamba, na migomba ambayo mwaka mzima ilizoea sauti za wazee peke yao husikia tena vicheko vya wajukuu. Nami, mkazi wa Pasua mjini Moshi, sikuikosa safari hiyo mwaka 2024. Nilipanda Kibosho pamoja na mke wangu, wanangu wawili, na mtoto wa marehemu mdogo wangu, kijana wa miaka 13 ambaye tunaishi naye tangu baba yake alipofariki dunia mwaka 2022.

Ndani ya begi la kijana huyo mlikuwa na mashine ya gemu. Yamkini nawe unayo nyumbani, au watoto wako huifuata katika vile vibanda vya mtaani ambako vijana hulipia mechi moja moja. Aliibeba akijua kwamba haina faida kwake, maana ilikuwa tupu. Habari ya utupu huo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Marehemu mdogo wangu alikuwa fundi umeme jijini Dar es Salaam. Alipenda sana kandanda, ile ya uwanjani na ile ya kwenye kioo. Mwaka 2021 alijinyima, akanunua mashine mpya ya aina isiyo na mdomo wa kupokea sidii, yaani zile sahani nyembamba zing'aazo zilizohifadhi gemu. Aliichagua kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Kila gemu aliyoitaka aliilipia kwa njia ya intaneti, akaiacha ipakuliwe usiku kucha wakati yeye amelala. Mshahara ukitoka, hununua moja. Aliniambia kwa fahari kwamba anamwekea mwanawe akiba ya furaha.

Alipotutoka, mashine ikaja Moshi pamoja na mtoto. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Kisha ikaharibika. Fundi akabadilisha kifaa cha ndani kinachotunza kumbukumbu, nayo ikawaka tena, lakini gemu zote zilikuwa zimetoweka. Ili zirudi ilitakiwa neno la siri la marehemu, na namba za kuthibitisha zilikuwa zikitumwa kwenye laini ya simu yake, ambayo ilikwisha fungwa zamani kwa kutotumika. Tukaandika barua kwa kampuni ya ng'ambo iliyouza gemu hizo. Jibu lilikuja la heshima, likitupa pole, kisha likatueleza kwamba ruhusa ya kuzicheza alipewa mwenye akaunti peke yake, wala haihamishiki kwa mtu mwingine, hata akiwa mwanawe wa kumzaa. Katika barua pepe zilizobaki kwenye simu ya marehemu tulihesabu risiti 23. Risiti tunazo, gemu hatuna.

Basi siku ya pili yake Krismasi, mvua ikinyesha na watoto wamejikunyata sebuleni, mama yangu mzazi akavuta sanduku la bati kutoka mvunguni mwa kitanda. Ndani, limefungwa kwa kitenge, lilikuwamo pambo la ujana wa mdogo wangu: mashine ya PlayStation 2, ya kizazi kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 2000, padi mbili, na sidii 11. Baadhi, sitaficha, ni nakala za mitaani zisizo halali, nami sizitetei. Nyingine ni halisi, ndani ya makasha yake. Juu ya kila kasha marehemu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino jina lake, na chini yake maneno matatu: "Ukiazima, tafadhali rudisha."

Tuliiunganisha kwenye televisheni. Ikawaka. Sidii ya kwanza ilikwaruzika mno, ikagoma. Ya pili ikazunguka kwa mngurumo, ikakubali. Kisha kijana akachomeka ile kadi ndogo ya kumbukumbu, ambayo nafasi yake ni megabaiti 8 tu, na kwenye kioo ikatokea ligi ambayo baba yake aliiacha katikati, na timu aliyoipa jina la kijiji chetu.

Mtoto akaweka padi chini. Akaniuliza, "Baba mkubwa, nikicheza, ya baba itafutika?"

Nikamjibu, "Haifutiki, mwanangu, mpaka wewe mwenyewe uamue kuifuta."

Hapo ndipo alipoanza kucheza, na binamu zake wakamzunguka kupanga zamu.

Ndugu msomaji, mzee wetu alikuwa ameketi kando ameshika fimbo yake, akitazama. Nilikuwa nimemsimulia kisa cha gemu 23. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza swali ambalo mimi, msomi wa vitabu, sikuwa nimejiuliza: "Hebu nieleze. Marehemu alizinunua, au alipewa alime tu?"

Nikamwomba anifafanulie. Akasema, "Zamani zetu ardhi ilikuwa ya namna mbili. Kihamba baba alimpa mwanawe, mwanawe naye akampa wake. Masale yalipandwa mpakani, na hakuna aliyethubutu kuyang'oa. Lakini yale mashamba ya kule chini, ya ulezi na mahindi, Mangi alikuwa akiyagawa kwa msimu. Ulilima, ukavuna, ukashukuru. Mwaka wa pili akitaka kumpa mwingine, humpa. Huwezi kumzika baba yako katika shamba la msimu."

Utawala wa machifu ulifutwa nchini mwaka 1963, lakini naona Mangi wa msimu amerudi kwa sura nyingine. Mtu anunuapo sidii, hupewa kitu. Anaweza kukiazimisha kwa jirani, kukiuza akiishiwa, kukibadilisha na rafiki, na kumwachia mwanawe. Anunuapo gemu ya kupakua, aghalabu hupewa ruhusa tu, na masharti yake hayasomi mtu, maana ni marefu kuliko barabara ya Rombo.

Wala usidhani haya ni malalamiko ya mtu mmoja mwenye msiba. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka katika vifaa vya wasomaji waliokwisha vilipia, kwa sababu muuzaji wake hakuwa na haki navyo. Wasomaji walirudishiwa fedha, ila vitabu vilitoweka wakiwa wamelala. Machi 2023 Nintendo ilifunga mauzo katika maduka yake ya mtandaoni ya mashine za 3DS na Wii U. Julai 2024 Microsoft ikafunga duka la Xbox 360. Walionunua kabla waliachiwa kupakua tena walivyonunua, lakini gemu ambazo hazikupata kutolewa kwa sidii hazina tena pa kununuliwa kwa mashine hizo. Huko California ilipitishwa sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika mwaka 2025, inayomkataza muuzaji kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya namna hii bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Serikali haitungi sheria juu ya neno moja ila pale neno hilo linapokuwa limewapoteza watu wengi.

Kwetu sisi yako matatizo mengine ya ziada. Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao wa PlayStation, na vijana wengi hujiandikisha kwa anwani za nchi za watu. Mwezi Mei 2024 ilipotakiwa kwamba wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya mtandao huo, gemu iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizohudumiwa. Wachezaji walipiga kelele dunia nzima, na sharti la akaunti likaondolewa. Mwezi huohuo nyaya za mawasiliano zilizolala chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, na intaneti ikazorota nchini kote. Mwenye sidii mkononi hakuhitaji kumngoja mzamiaji.

Tena ipo hesabu ya bando. Gemu kubwa ya siku hizi hufikia gigabaiti 50, na nyingine huzidi 100. Ikiwa intaneti yako huenda kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde bila kupungua, gigabaiti 50 zitakuchukua takriban saa 22. Umeme ukikatika katikati, au Luku ikiisha, mtoto hulala na huzuni. Mfanyakazi anayehesabu nauli ya daladala ana haki ya kujua kwamba bei iliyoandikwa dukani si bei yote. Bando nalo ni sehemu ya bei.

Lakini nisiwe hakimu anayesikiliza upande mmoja. Sidii nazo zina maradhi yake. Huchubuka, huibwa, huazimwa zisirudi, na vumbi la Moshi wakati wa kiangazi halina huruma. Duka la kuuza sidii halisi si jambo la kila mtaa, bali duka la mtandaoni humfikia hata kijana wa Uru au Mwika aliye na simu tu, na mara nyingine huuza kwa punguzo kubwa. Isitoshe, sidii nyingi za leo si kamili. Ukiitia ndani ya mashine, huanza kudai marekebisho ya kupakuliwa. Nyingine ni funguo tu za mlango ulio ng'ambo. Gemu ya magari iitwayo The Crew, iliyotolewa na Ubisoft mwaka 2014, ilizimiwa mitambo yake tarehe 31 Machi 2024, na tangu siku hiyo hata mwenye sidii yake amebaki na kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo sisemi kwamba kila sidii ni kihamba.

Ninachosema ni hiki: mzazi ajue anachonunua kabla hajatoa jasho lake. Gemu ya kupita, ya kuchezwa likizo moja na kusahauliwa, si vibaya kuipakua ikiwa ni rahisi. Hata shamba la msimu liliwalisha watu. Bali ile ambayo familia inaipenda, ambayo watoto watapokezana na binamu wataijia kila Desemba, hiyo inunuliwe kwa sidii, na kwanza muulize mwenye kuijua kama huchezeka bila intaneti.

Kabla ya kununua mashine, itazame kama ina mdomo wa sidii. PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020 ilikuwa ya namna mbili, yenye mdomo kwa dola 499 na isiyo na mdomo kwa dola 399 huko Marekani. Dola 100 hizo zilikuwa ndiyo bei ya kuweza kuazima, kuazimishana na kuuza. Toleo jembamba zaidi lililofuata mwaka 2023 unaweza kulinunulia mdomo baadaye ukaupachika, lakini si kila mashine iko hivyo.

La mwisho ndilo lililoniuma zaidi, kwa kuwa kosa lake lilikuwa letu wenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mdogo wangu aliacha maandishi kuhusu kiwanja, kuhusu mafao, na hata kuhusu mbuzi wawili wa mama. Juu ya akaunti yake hakuandika neno, wala hatukumwuliza, kwa kuwa tuliona ni mchezo wa watoto. Mke wangu sasa ana daftari la jalada gumu ambalo ndani yake tumeandika akaunti zetu, maneno ya siri, na laini za simu zilizounganishwa nazo. Linakaa pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Daftari halitageuza ruhusa kuwa urithi, lakini walau atakayebaki hataachwa akigonga mlango asioujua.

Tuliporejea mjini mwezi Januari, nilidhani kijana ataomba kulibeba lile sanduku la bati. Hakuomba. Alifuta sidii moja moja kwa kitambaa laini, akazirudisha katika makasha, akafunga kitenge. Mbili tu alimkabidhi binamu yake wa Machame, kwa sharti. Kisha akachukua kalamu, na chini ya maandishi ya baba yake, kwa mwandiko unaofanana nao kuliko nilivyotazamia, akaongeza jina lake mwenyewe.

Ile mashine mpya bado ipo kabatini Pasua. Siku moja, Mungu akipenda, tutaijaza upya. Lakini heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.