Masisi: Shitingi ya kambini imegeuka uwanja wa maharagi

Shitingi iliyokuwa nyumba kule Bulengo leo ni sakafu ya maharagi katika kiwanja kimoja cha teritwari ya Masisi, kwenye vilima vya juu ya Sake. Mwenyewe, mama wa watoto watano, alirudi nayo mgongoni Februari 2025, wakati kambi zilizokuwa zinazunguka Goma zilipovunjwa na watu wakaambiwa warudi kwao. Aliacha sufuria, akaacha na godoro. Shitingi hakuiacha.

Alikuta kuta zimesimama, mabati hayapo. Mbele ya mlango, pale palipokuwa na pasparumu fupi ambayo marehemu mume wake alikuwa anaikata kwa panga, palibaki udongo mtupu na majivu ya moto wa watu asiowajua. Msimu wa kwanza shitingi ilikaa juu, ikawa paa. Alipopata mabati machache ya kukopa, akaishusha chini. Alipoitandaza akahesabu matundu: kumi na moja.

Mtu wa mjini anaweza kuuliza, matundu ya chini yana shida gani? Mkulima wa Masisi hawezi kuuliza. Maharagi hung'olewa na mizizi yake, huanikwa siku kadhaa, kisha hupigwa kwa fimbo mpaka maganda yapasuke. Yakilala juu ya udongo, unyevu wa usiku unapanda na yanashika ukungu. Yakipigwa, yanaingia kwenye nyufa na kuku wanamaliza kazi. Na humo humo ndimo ilimo mbegu ya Septemba. Anayekosa mbegu yake anakwenda sokoni wakati kila mtu anatafuta, na muuzaji anajua.

Kijana wake wa kwanza, ambaye ni motari, alikuja na gundi ya kuzibia mipira.

"Mama, hiyo shitingi imekufa, lakini tujaribu."

"Imekufa wapi? Wewe ulilala chini yake miaka miwili."

Gundi ilishika mpaka saa sita mchana, halafu kiraka kikainuka chenyewe kama ganda la kidonda kilichopona. Gundi ya mpira haishikamani na plastiki ya namna hiyo, hata ukikandamiza kwa jiwe. Wakajaribu kisu cha moto ili kuyeyusha kingo. Kikafanya tundu la kumi na mbili.

Aliyeokoa kazi ni mzee jirani, ambaye alikuwa amekimbilia upande wa Walikale na kukaa huko msituni muda mrefu. Kule, alisema, wengi wanaezeka majani juu ya shitingi ili jua lisiifikie, maana adui yake mkubwa ni jua, mvua inafuata nyuma. Shitingi imefumwa kwa nyuzi, na juu na chini imepakwa ngozi ya plastiki. Jua likila ngozi, nyuzi zinabaki wazi na kukatika. Kwa hiyo kabla ya kushika sindano, alikunja kona na kuisugua kwa vidole. Panapotoa unga, usipoteze muda, hata uzi hautashika. Panapobaki laini, pashone.

Kona moja ilitoa unga, wakaikata na kuitupa. Ukingo mmoja mzima waliutoa sadaka ili upatikane wa kukatia viraka. Shitingi za HCR huwa na mita 4 kwa 5. Hii ilibaki pungufu kidogo, lakini nzima. Waliiosha kwa maji na sabuni, wakaiacha ikauke kabisa. Kila tundu lilipata viraka viwili, kimoja juu na kimoja chini, kila kimoja kikizidi tundu kwa upana wa kiganja. Pembe za viraka zilikatwa mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo inayoinuka kwanza. Kisha sindano ya magunia na uzi wa nailoni, ule wa wavuvi wa Kivu. Mzee alikataza kabisa kushona mstari mmoja ulionyooka: "Ukitoboa mstari mmoja, umeichorea njia ya kupasukia." Walishona mistari miwili ya kupinda-pinda, wakasugua mshumaa juu ya vitobo vya sindano.

Kwa kamba, hakuna aliyetoboa kitu. Unaweka kokoto ndani ya kona, unaifunika kwa shitingi, unafunga kamba nyuma ya kokoto. Inavuta bila kuchanika. (Mara nyingi shitingi hugawiwa bila sindano wala uzi. Labda wanaogawa hawajawahi kulala chini ya moja wakati inapasuka saa nane usiku.)

Kazi ilichukua siku mbili. Maharagi yakatandazwa siku ya tatu, na jioni mawingu yalipofunika vilima, watoto walikuwa wameshafundishwa kukunja kingo nne juu ya maharagi na kuweka mawe.

Wiki hiyo hiyo usiku, familia moja ikaingia kiwanjani kutoka vijiji vya juu, baba, mama na mtoto mchanga, wakikimbia risasi. Hawakuomba chakula. Walikuwa wanaitazama shitingi.

Maharagi yalikuwa bado hayajapigwa. Mama alisimama mlangoni kwa muda. Kisha akawaamsha watoto, wakayahamishia ndani kwa mabeseni, mpaka hapakubaki pa kuweka mguu. Shitingi ikapanda tena juu ya miti minne, kando ya migomba. Maharagi aliyapiga chumbani, kidogo kidogo, vumbi likijaa nyumba. Sehemu iliota ukungu na akawapa nguruwe wa jirani. Mbegu aliitenga kwenye chungu, pungufu ya alivyotarajia.

Wageni walikaa majuma mawili. Walipopata chumba, shitingi ilishuka na matundu matatu mapya. Mgeni yule mama hakuondoka siku hiyo. Alikaa upande wa pili wa shitingi, mtoto mgongoni, akapewa sindano ya pili.