Macho Makubwa ya Mwanangu

Mtaa mzima pale Mbagala ulimsifia mwanangu macho. Makubwa, meusi, yanang'aa; kwenye daladala abiria waligeuka kumtazama. Bibi yake alimfunga uzi mweusi mkononi kumkinga na kijicho. Mimi nilikuwa naona na mengine: machozi yanamtiririka wala halii, na nikitoka naye juani anaficha uso kwapani mwangu. Duka la dawa walinipa tyubu ya kupaka, na niliporudi wakanipa ileile.

Aliyeshtuka ni nesi wa kliniki, siku ya chanjo ya surua. Alimmulika kwa tochi, akaona kioo cha jicho kina ukungu, akaandika rufaa ya hospitali ya CCBRT, Msasani. "Mama, usisubiri Jumatatu."

Huko walimlaza kwa dawa ya usingizi ndipo wakampima presha ya macho, maana mtoto wa umri ule hatulii. Daktari akanieleza. Ndani ya jicho hutengenezwa maji, nayo yana njia zake za kutokea. Za mwanangu hazikukamilika tangu tumboni. Maji yakijaa presha hupanda, na kwa kuwa jicho la mtoto mchanga ni laini, hutanuka. Kumbe tulikuwa tunasifia ugonjwa! Presha hiyohiyo huua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na ukishakufa haufufuki. Akasema anahitaji upasuaji; nikamuuliza kama utamrudishia kuona. Akasema utalinda kilichobaki. Jibu chungu, ila hakunidanganya.

Alifanyiwa. Watu husema "kafanyiwa operesheni, kapona". Ugonjwa huu hauponi hivyo; ni kliniki ya maisha. Matone ya timolol asubuhi na jioni, kisha unambonyeza pembe ya jicho karibu na pua ili dawa isiteremke, na usiku unasikiliza anavyopumua, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumbana mtoto kifua. Kila siku ya kliniki ni nauli, na maandazi yangu hayauzwi. Gharama zilipotuelemea tulikwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba msaada. Kina mama wenzangu, ombeni, msione haya.

Jicho la kulia linaona kiasi; la kushoto linatambua mwanga tu. Yuko darasa la pili, ana miwani, anakaa dawati la mbele na anamgombeza mwalimu akiandika herufi ndogo ubaoni.

Mdogo wake alipozaliwa nilimpeleka kupimwa kabla ya dalili yoyote, maana ugonjwa huu unaweza kufuata damu. Mama mkwe alilalamika kwamba namtafutia mtoto maradhi. Nilimwitikia, nikabeba kadi, nikaenda.