Alama ya Fedha Katika Chapa

Alama ya fedha ni ndogo kuliko neno, lakini uzito wake katika sentensi hushinda uzito wa maneno mengi. Mtu akisoma neno lililokosewa herufi moja, akili yake aghalabu hulisahihisha bila ya kutaka msaada. Akisoma 500 iliyotanguliwa na alama ya pauni mahali pa alama ya dola, akili haina la kusahihisha, kwa kuwa pauni 500 ni fedha, na dola 500 ni fedha vile vile. Kosa la neno hujitangaza; kosa la alama hukaa kimya likafanana na kweli. Kwa sababu hii mpanga chapa hana ruhusa ya kuihesabu alama ya fedha kuwa pambo la ukurasa. Ni amana aliyokabidhiwa, na amana hairudishwi pungufu wala hairudishwi imebadilishwa.

Ushahidi wa jambo hili umo katika historia ya TeX, programu ya kupangia chapa ambayo wanazuoni wengi wa hesabu na sayansi huitumia kuandalia makala zao. Donald Knuth, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuitunga mwaka 1977, baada ya kuchukizwa na kurasa za majaribio za kitabu chake zilizopangwa kwa mitambo mipya ya wakati ule. Alitaka kurasa zipendeze kama zilivyopendeza zile zilizopangwa zamani kwa herufi za risasi. Basi alitunga programu, kisha akasanifu na herufi zake, zinazoitwa Computer Modern.

Katika programu hiyo alama ya dola ilipewa kazi isiyokuwa ya fedha. Ilifanywa mlango wa hesabu: dola ya kwanza hufungua na dola ya pili hufunga. Knuth alitoa sababu yenye mzaha, ya kwamba kupanga hesabu husemekana kuwa kazi ya gharama. Mzaha ulikuwa mwema, lakini mgeni wa programu aweza kuulipia. Akiandika kwamba bei ni $5 na faida ni $2, programu hailalamiki. Huyachukua maneno yaliyo baina ya dola mbili kuwa ni hesabu. Huyalaza, huondoa nafasi zilizoyatenga, na alama zote mbili za fedha hutoweka. Kinachotoka katika karatasi ni «bei ni 5nafaidani2». Anayetaka dola yenyewe hana budi kuitanguliza mstari ulioinama nyuma, hivi: \$.

Dawa hiyo nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Kila seti ya herufi za Computer Modern ilikuwa na nafasi 128 tu, na kila herufi, tarakimu na alama ilitakiwa kupata makao humo. Nafasi yenye namba 36 ilikuwa ya alama ya fedha. Katika herufi za wima palikaa dola. Katika herufi za mlazo mahali pale pale palikaa pauni. Hivyo amri moja ilitoa $ katika maneno yaliyosimama, na £ katika maneno yaliyolala. Hata leo, katika umbo la awali la TeX, mtu anayetaka pauni hutumia hila ya kuomba dola kwa herufi za mlazo. Ajuaye hila hupata haja yake. Asiyejua, akilaza sentensi ili kutia mkazo tu, hubadili deni la mtu bila ya kugusa tarakimu hata moja.

Haifai kusema kuwa aliyetenda hivi alikuwa mzembe. Knuth ni yule yule ambaye kwa miaka mingi alimpelekea hundi ya dola 2.56 kila mtu aliyegundua kosa katika vitabu vyake. Mkosaji alikuwa ufinyu wa nafasi, na ufinyu huo haukuwa wa TeX peke yake. Katika mpango wa herufi wa kompyuta wa zamani, Waingereza waliiweka pauni yao mahali ambapo Wamarekani waliweka alama #. Katika toleo la kimataifa la mpango huo, mahali pa dola palitiwa alama ¤, yenye maana ya fedha yoyote, na kwa hiyo isiyokuwa fedha ya mtu yeyote. Ilidumu katika nafasi hiyo mpaka mwaka 1991, dola iliporudishwa. Chumba kikiwa kidogo, wageni hugombea kitanda, na mwenye nguvu hulala.

Matengenezo yalikuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kupanua chumba. Mwaka 1990, katika mkutano uliofanyika Cork, Ireland, watumiaji wa TeX walikubaliana juu ya mpango wa nafasi 256, ambamo dola na pauni kila moja ina makao yake. Njia ya pili ilikuwa kuomba kwa jina mahali pa kuomba kwa namba. Katika LaTeX, ambayo imejengwa juu ya TeX, mwandishi huandika \textdollar au \textsterling, na programu hujua pa kuitafuta alama hiyo. Ikiwa herufi ni za zamani, amri hupima kwanza kama zimelala, kisha huiazima alama sahihi kutoka seti nyingine. Njia ya pili ni bora kuliko ya kwanza. Chumba kikubwa nacho hujaa, lakini aliyetaja maana huhama na maana yake.

Yuro ilithibitisha hayo. Alama yake ilitangazwa mwaka 1996, fedha yenyewe ikaanza mwaka 1999, na noti na sarafu zikaingia mikononi mwa watu tarehe 1 Januari 2002. Katika seti za zamani haikuwa na mahali, ikabidi itungiwe vifurushi maalumu vya herufi.

Na shilingi je? Yetu ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, haikugombea nafasi na mtu. Muuza duka huandika 500/= kwa alama ambazo kila mtambo unazo. Lakini unyenyekevu haukuiponya na kila hatari. Katika TeX, nukta inayofuata herufi ndogo huhesabiwa kuwa mwisho wa sentensi, basi anayeandika «Sh. 500» hupata pengo pana kupita kiasi, na pengine «Sh.» hubaki ukingoni mwa mstari na 500 ikaanguka mstari wa chini. Alama ~ ikitiwa mahali pa nafasi huwafunga wawili hao pamoja: Sh.~500.

Mwandishi wa tasnifu hudhani kazi yake imekwisha anapoandika tarakimu sahihi. Haijaisha. Tarakimu bila ya alama yake ni hesabu tupu, na tarakimu yenye alama ya mwingine ni uongo usiokusudiwa. Atakayesoma ukurasa hatajua mlazo wala nafasi ya 36. Atajua tu alichoambiwa kuwa anadai au anadaiwa.