Makro yangu na jina la marehemu

Wasomaji wangu, leo nakiri kosa. Mhariri wetu hana uvumilivu na neno "sio". Anataka "siyo", na kila jioni alikuwa ananirudishia habari kwa sababu ya herufi moja. Mimi niliyegusagusa kompyuta chuo kikuu nikaona dawa ninayo.

Ndani ya Word unaweza kuandika makro, yaani maelekezo ambayo programu inayafuata. Ukiipa jina la AutoOpen, inajiendesha yenyewe kila unapofungua faili. Ukiiita AutoClose, inajiendesha unapofunga. Yangu nikaiita AutoClose: tafuta "sio", weka "siyo", kote. Siku mbili mhariri hakunirudishia kitu, nami nikawa natembea kifua mbele.

Siku ya tatu nikaandika taazia ya mwalimu mmoja mstaafu. Jina lake la ukoo lilikuwa na "sio" katikati. Nikafunga faili, Word ikaniuliza kama nihifadhi mabadiliko, nikabonyeza ndiyo bila kuangalia. Ilipotoka, akaja mtoto wa marehemu, mtu mzima wa rika la baba yangu, gazeti mkononi. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Hili jina si la baba." Hakugomba. Jamani, afadhali angegomba!

Kusoma tena, nakuta hata "wasiojua" limekuwa "wasiyojua". Dosari yenyewe ndogo: sikuiambia itafute neno zima peke yake. Lakini kosa langu hasa ni kuipa makro ruhusa ya kuandika wakati macho yangu yameshaondoka kwenye habari.

Mlango huohuo ndio uliopitiwa na kirusi cha Melissa mwezi Machi 1999. Mtu alifungua faili la Word, makro ikaamka, ikajituma kwa anwani 50 za kwanza kwenye Outlook yake. Si bure Microsoft ilianza, mwaka 2022, kuzuia makro za mafaili yatokayo kwenye intaneti.

Yangu sijaifuta. Nimeibadilisha jina isijiamshe. Naiita mwenyewe, na inasimama kwenye kila neno ikisubiri nikubali au nikatae.

Tuliomba radhi kesho yake, mistari mitatu, ukurasa wa ndani. Jina la mzee nililiandika herufi kwa herufi, nikalisoma kwa sauti, ndipo nikafunga faili.