Motokaa Isiyopiga Hodi

Twakaa Mwisenge, hapa Musoma, penye mawe makubwa na upepo wa ziwa. Sisi ni mume na mke. Tulifundisha watoto miaka mingi, na sasa tumestaafu. Twataka kuwapa habari za motokaa tuliyonunua. Hatuandiki kwa kujisifu, maana mwisho wa habari hii hauna sifa kwetu. Twaandika ili yale tuliyojifunza kwa gharama yapate kuwafundisha ninyi bure.

Watu wa huku wamezoea kwenda kwa miguu. Shule ya Mwisenge ndiyo aliyoingia Julius Nyerere mwaka 1934, naye kwao ni Butiama, mwendo wa kilomita zipatazo 40. Nasi katika ujana wetu hatukuona haya kutembea. Lakini tunaye mama mzee nyumbani. Magoti yake yamechoka, na figo zake zahitaji kuangaliwa na madaktari wa Bugando, kule Mwanza, kilomita zipatazo 220 kutoka kwetu. Kila mwezi tulimpandisha basi alfajiri, na kila mwezi alishuka miguu imevimba. Siku moja alituambia, "Wanangu, safari ijayo msinipeleke. Afadhali nife kitandani pangu kuliko kufia njiani." Neno lile likatuchoma. Tukaamua kutoa sehemu ya kiinua mgongo chetu tununue gari.

Twamkumbuka yule mtu wa Injili ya Luka, sura ya 14, atakaye kujenga mnara, akaketi kwanza kuhesabu gharama. Nasi tukaketi, tukachukua daftari, tukapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja tukaandika Faida, upande wa pili Hasara.

Kwanza tuliuliza habari za kuagiza gari Japani. Magari mengi ya barabara zetu yatoka huko, maana Wajapani nao huendesha upande wa kushoto, na usukani wao uko kulia kama wetu. Lakini bei ya gari si bei ya Japani tu. Juu yake kuna nauli ya meli hata Dar es Salaam, kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na kodi nyingine ifuatayo ukubwa wa injini. Tena gari likiisha kuwa kuukuu huongezewa kodi kwa ajili ya uchakavu wake. Tulipojumlisha yote tukaona mnara wetu hautafika hata dirishani.

Ndipo tukasikia habari za mtu mmoja wa Mwanza aliyekuwa akiuza Toyota Harrier, iliyotengenezwa mwaka 2007, ambayo ushuru wake ulikwisha kulipwa zamani. Ni gari la jamaa nzima, limeinuka juu ya barabara, lina nafasi ya watu watano na mizigo yao. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya Harrier nyingine tulizoziona. Tukauliza sababu, tukajibiwa kwa neno moja tu: "Ni haibridi." Yule aliyetujibu alilisema kama mtu atajaye ugonjwa.

Haibridi maana yake ni chotara, kama tusemavyo mahindi chotara. Gari hilo lina injini ya petroli, tena lina mota ya umeme. Ninyi mlimao kwa ng'ombe mtaelewa upesi. Ni kama maksai wawili chini ya nira moja: mmoja ana nguvu nyingi lakini mlaji, wa pili mpole na hali sana. Gari likianza kuondoka, au likienda polepole, yule mpole huvuta peke yake. Likipanda mlima, au likikimbia, wote wawili huvuta pamoja. Na dereva akanyagapo breki, ule mwendo ambao katika magari mengine hupotea bure kwa joto, hapa hugeuzwa kuwa umeme na kuwekwa katika betri iliyo chini ya kiti cha nyuma. Kwa hiyo gari hili halichomekwi katika umeme wa nyumba. Hujilisha lenyewe kwa petroli na kwa breki.

Wala maarifa haya si mageni. Mwaka 1900 Ferdinand Porsche alikwisha kutengeneza gari la namna hiyo huko Ulaya. Toyota walianza kuuza Prius yao Desemba 1997, na Harrier ya haibridi ikafuata mwaka 2005.

Basi tukajaza daftari letu. Upande wa Hasara tukaandika: betri ni ghali, mafundi wake ni wachache. Upande wa Faida tukaandika: bei nafuu, mama atakaa vizuri, petroli kidogo, na mwisho tukaandika kwa furaha, "Halina kelele." Kumbukeni neno hilo.

Tukanunua. Siku ya kwanza mama alikaa kiti cha mbele, amejifunga khanga mpya, wala hakusema neno hata tulipofika Bunda. Kisha akauliza, "Je, limezimika?" Tukacheka, tukamwambia kwamba lateremka kwa umeme. Tulipofika Mwanza miguu yake haikuvimba. Neno hilo peke yake lilitulipa fedha zetu.

Yako mambo mengine yaliyotuchekesha. Kila tuwashapo gari, sauti ya mwanamke husema maneno ya Kijapani. Kijana mmoja alitueleza kwamba huuliza kadi ya kulipia barabara za Japani. Twamjibu, "Asante, mama," tukaendelea na safari. Redio nayo haikushika stesheni nyingi za kwetu, maana redio za Japani zimepangiwa masafa mengine. Hata tukatiwa kijombo cha kuyageuza.

Kuhusu petroli, twasema kweli kama ilivyo. Katika mitaa ya Musoma, penye kusimama na kuondoka mara nyingi, twaona akiba kubwa. Katika barabara ndefu ya Mwanza akiba si kubwa hivyo, kwa sababu gari halisimami, na yule maksai mpole hapati kazi nyingi. Daftari letu laonyesha karibu lita 45 kwenda na kurudi.

Mwezi wa nne tulipata mashaka. Tulikuwa tumenunua dagaa pale Mwigobero kwa ajili ya jamaa zetu wa Mwanza, tukayaweka magunia mawili sakafuni mbele ya kiti cha nyuma. Tulipokaribia Lamadi taa ya tahadhari ikawaka, na gari likapungua nguvu. Fundi wa kwanza alitazama dakika chache, akasema betri imekufa, tununue mpya. Na bei aliyoitaja ilikaribia nusu ya bei ya gari. Usiku ule hatukulala. Kesho yake tukampata fundi mwingine, kijana mpole, akauliza kwanza, "Wazee wangu, mlipakia nini?" Akatuonyesha matundu yaliyo chini ya kiti. Kumbe betri ile huvuta hewa kwa matundu hayo ili ipoe, nasi tuliyaziba kwa magunia. Akafungua feni zake, akatoa vumbi, nyuzi na magamba ya dagaa. Taa ikazimika. Akatuonya pia tusiguse kamwe zile nyaya za rangi ya machungwa, maana umeme wake hupita volti 200 na waweza kuua. Ninyi mtakaonunua gari la namna hii, shikeni maneno ya kijana huyo: matundu yawe wazi, feni zisafishwe, na nyaya hizo aachiwe fundi.

Lakini hayo yalikuwa mashaka ya fedha. Sasa twafika penye neno lililotufanya tushike kalamu.

Ilikuwa jioni, tumerudi kutoka Mwanza. Tulimteremsha mama, tukampeleka ndani, tukatoa mizigo. Gari lilikuwa limesimama karibu na mlango, nasi tukataka kulirudisha nyuma kidogo, tuliweke chini ya mwembe. Injini ilikuwa bado ya moto, basi gari likaanza kurudi kwa umeme mtupu. Halikutoa sauti, ila magurudumu tu juu ya mchanga. Tulitazama kioo cha kulia, tukatazama cha kushoto, tukaona pako wazi. Mara tukasikia msichana akipiga ukelele. Tukakanyaga breki.

Nyuma ya gari alikuwapo mjukuu wa jirani yetu, mtoto ambaye hajaanza shule. Alikuwa amepiga magoti, ametupa mgongo, anasukuma kigari chake cha waya chenye magurudumu ya vifuniko vya soda. Dada yake alimvuta kwa mkono. Gurudumu letu lilikikanyaga kile kigari, likasimama hapo hapo. Mtoto akalia sana, akililia kigari chake, wala hakujua ameponea nini. Sisi tulijua. Mmoja wetu alikaa chini mchangani, asiweze kusimama.

Usiku tulikwenda kwa bibi yake kuomba radhi. Tukapiga hodi mlangoni. Akatukaribisha, akatupa viti, akatusikiliza hata mwisho. Kisha akasema pasipo hasira, "Walimu, ninyi mmepiga hodi. Gari lenu halikupiga hodi. Magari mengine hata kuku huyasikia wakakimbia. Hili lenu laingia kama mwizi."

Hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani, tukafungua daftari, tukalitazama lile neno "Halina kelele" tulilolihesabu kuwa faida. Ni faida kwetu tukaao ndani. Kwa mtoto achezaye nje, na kwa mzee asiyeona vizuri, ndiyo hatari yenyewe. Tulipohesabu gharama, tulihesabu zile zitakazotoka mfukoni mwetu tu. Hatukuhesabu ile iliyokaribia kumwangukia jirani. Mke wa nyumba hii akalifuta neno lile kwa kalamu, akaliandika upande wa pili.

Wenye kutunga sheria kwingine wamekwisha kuliona jambo hili. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, kila gari jipya la umeme au la haibridi sharti litoe sauti liendapo polepole, ili watu wa njiani walisikie. Gari letu ni la zamani kuliko amri hizo. Basi tumejiwekea amri yetu wenyewe. Gari halirudi nyuma kabla mmoja wetu hajalizunguka kwa miguu. Kisha twapiga honi mara mbili, tukangoja kidogo, ndipo tuondoke. Tena tulikwenda shuleni kwa ruhusa ya walimu, tukawaonyesha watoto gari likienda kimya, ili wajue kwamba sikio peke yake halitoshi. Jicho nalo litazame.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wetu ulikuwa wa waya na vifuniko vya soda, kwa rehema za Mungu. Hatuwakatazi ndugu zetu kununua motokaa ya namna hii. Ni nzuri, na mama yetu hajataja tena kufa njiani. Twasema tu: mtu apatapo kitu kipya, aulize kitawafaa nini watu wa nyumbani mwake, kisha aulize kitawapataje watu wa nje ya ua wake.

Yule mtoto tulimnunulia kigari cha dukani, cha plastiki nyekundu. Alikichezea siku tatu, kisha akarudi kutengeneza kingine cha waya. Siku hizi tupigapo honi zetu mbili, husikika sauti yake ng'ambo ya ua ikiitika, "Karibu!" Ndipo twajua yuko wapi, tukaondoka.