Hai Jalaba na Kamba Iinuayo Watu

Katika mji wa Juba, makao makuu ya Sudan Kusini, upo mtaa uitwao Hai Jalaba. Neno "hai" kwa Kiarabu ni mtaa, na "jalaba" ni jina walilopewa wafanyabiashara wasafiri waliotoka kaskazini mwa Sudan na kushuka kusini na bidhaa zao. Jina hilo peke yake ni historia fupi ya mji. Lugha inayosikika zaidi huko ni Kiarabu cha Juba, lakini Kiswahili nacho kimepata makao, maana wengi waliokimbilia Kenya na Uganda wakati wa vita walirudi nacho. Bidhaa nyingi nazo huingia kwa malori yanayotoka mpakani Nimule, kwa barabara ya lami ya kilomita 192 iliyokamilika mwaka 2012.

Juba imekaa ukingoni mwa Nile, upande wa magharibi, katika nchi ya uwanda. Kilima kinachojulikana hapo ni Jebel Kujur, nacho ni cha mawe. Basi mkazi wa Hai Jalaba angetamani kuelea angani kwa mwavuli kama ndege tai, angeanzia wapi?

Yafaa kwanza kutofautisha. Parashuti ya askari hukunjwa mgongoni, nayo hufunguliwa angani ili kumshusha mtu salama. Mwavuli wa kuelea hutandazwa ardhini, ukajazwa upepo kabla mtu hajaondoka, nao umeshonwa kwa umbo la bawa. Rubani wake akikuta hewa yenye joto inayopanda, huzunguka ndani yake na kupaa zaidi. Huko Iten, nchini Kenya, kazi ya kuanza ni nyepesi, kwa kuwa mji huo uko kwenye ukingo wa bonde la Kerio, yapata mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Rubani hukimbia hatua chache mtelemkoni, na bonde lenyewe humpa nafasi ya kuruka. Ndiyo sababu wageni wengi hufika huko katika miezi ya kiangazi.

Kwenye uwanda, mlima hauna budi kutengenezwa, na mlima huo ni winchi. Mashine hiyo huwekwa mahali pamoja na kufungwa imara ardhini ili isiburutwe na mzigo wake. Ina injini na pipa la kuviringia kamba, na mbele yake makapi ya kuielekeza kamba ijipange vizuri. Kamba nyembamba yenye nguvu huvutwa na pikipiki hadi kwa rubani, pengine mita 1,000 kutoka kwenye mashine. Urefu huo hukaribia mara mbili ya Daraja la Uhuru la Juba, lililofunguliwa mwaka 2022 na lenye mita 560. Winchi huwekwa upande unakotoka upepo, ili rubani aondoke akiukabili. Mashine ikivuta, mwavuli hupanda kama tiara ya watoto. Hewa ikiwa nzuri, rubani hufika kimo cha theluthi moja ya urefu wa kamba au zaidi, kisha hujifungua na kwenda zake. Parashuti ndogo iliyo kwenye ncha ya kamba huizuia isianguke kwa kishindo.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Wenye winchi wameigeuza hekima hiyo kuwa kinga. Kati ya kamba na rubani hutiwa kiungo dhaifu kwa makusudi, kikatike mvuto unapozidi kiasi. Kwenye mashine huwekwa kisu cha kuikata kamba mara moja, iwapo rubani ameshindwa kujifungua. Hatari iogopwayo kuliko zote ni mwavuli kugeuka pembeni huku kamba ikiendelea kuvuta. Hapo kila nguvu inayoongezwa humpindua rubani zaidi, na mwisho humbamiza chini. Dawa yake ni kulegeza kamba upesi, na rubani kujifungua akiwa bado na kimo.

Kwa hiyo mtu wa winchi hana ruhusa ya kubahatisha. Huvuta taratibu mpaka kamba ikaze, husubiri ishara, kisha huongeza nguvu kidogo kidogo bila kumwondolea rubani macho. Ishara hutolewa kwa redio au bendera, na neno la kusimamisha huweza kutolewa na yeyote aonaye hatari, awe mkubwa au mdogo. Askari aliyewahi kushika zamu atalielewa jambo hili bila kufafanuliwa: uhai wa mmoja umo katika utulivu wa mwenzake.

Hata hivyo, winchi haina nafasi katikati ya nyumba za Hai Jalaba. Kamba iangukayo haichagui; yaweza kulala juu ya barabara, nyaya za umeme au uwanja wa watoto. Tena uwanja wa ndege wa kimataifa umo mjini humo humo, na anga lake lina wenyewe. Mahali pafaapo ni uwanda mtupu, mbali na njia za ndege, palipokaguliwa ardhi yake, na kwa kibali cha wakuu wa usafiri wa anga.

Wala si kila mtu wa nchi hiyo atatazama juu kwa furaha. Katika vita vya mwaka 1983 hadi 2005, vijiji vingi vya kusini vilipigwa mabomu na ndege za Antonov, na watu walijifunza kukimbilia mahandakini waliposikia mngurumo. Juba yenyewe ilisikia tena milio ya risasi Desemba 2013 na Julai 2016. Mwavuli wa rangi unaopanda kimya si jambo kubwa mbele ya shida ya chakula na maji. Lakini siku mama wa Hai Jalaba atakapomwita mwanawe atoke nje akautazame, badala ya kumwita aingie ndani ajifiche, itajulikana kuwa amani imefika.