Kutoka Swichibodi hadi Kompyuta

Katika nchi ya Ugogo, kuanzia huku Zuzu hadi Mvumi na Kongwa, upofu ulijulikana zaidi kama jambo la uzee. Ugonjwa wa vikope humpata mtoto palipo na vumbi, nzi na uhaba wa maji, lakini humpofusha ukubwani, baada ya kuambukizwa tena na tena kwa miaka mingi. Nadhani ndiyo sababu asiyeona alichukuliwa kuwa mtu wa kushikwa mkono, si kijana wa kutafutiwa kazi. Shule ya wasioona ya Buigiri, iliyofunguliwa na Waanglikana mwaka 1950, mashariki ya mji wa Dodoma, iliitikisa fikra hiyo: aliyejua nukta nundu aliweza naye kuwa mwalimu. Hata hivyo kazi zilizokuwa wazi kwa wasioona zilikuwa chache, ualimu, kazi za mikono na swichibodi ya simu, na aliyeanza akiwa operata kwa kawaida alistaafu operata. Simu za mkononi zilipoenea, hata swichibodi nayo ikaanza kutoweka.

Sheria nazo zilibadilika. Ile ya 1982 ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi atenge asilimia 2 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Ile ya 2010 ikashuka hadi mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kupandisha kiwango hadi asilimia 3. (Asilimia 3 ya watu 20, ukipiga hesabu, haimfikii hata mtu mmoja.) Isitoshe, kiwango hicho hakitengi fungu la ulemavu wowote. Mwajiri anaweza kukitimiza bila kuajiri asiyeona hata mmoja, na hajavunja sheria. Tena asilimia huhesabu waliopo kazini; haiulizi ni nani aliyepandishwa cheo.

Waajiri husema vifaa ni ghali. Mashine ya nukta nundu ni ghali kweli, lakini tangu 2006 ipo programu ya NVDA, inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini ya kompyuta, nayo hutolewa bure. Kinachoisumbua programu hiyo ni waraka uliochapwa, ukagongwa muhuri, kisha ukaskaniwa na kutumwa kama picha. Hapo hahitajiki mfadhili, bali karani atakayeambatisha na faili la maandishi. Hoja yao nyingine ina uzito zaidi: wasioona wenye ujuzi wa kompyuta ni wachache. Ni kweli. Lakini hakuna aliyezaliwa akijua swichibodi. Operata alifundishwa kwa sababu kazi ilikuwapo ikimngoja, na hadi leo waajiri hao hao huwapeleka mafunzoni watumishi wao wanaoona.

Serikali ilianza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na Mji wa Serikali wa Mtumba uko njiani kuelekea Buigiri. Wizara zilizopo hapo zianze na jambo dogo: matangazo ya kazi na ya mafunzo yatolewe katika faili ambalo kompyuta inaweza kulisoma.